Karimi wa Ngapi

Siku yangu ya tisa kazini nilimtoa mtoto wa watu darasani nikamkabidhi mtu niliyekuwa nimekatazwa, kwa mdomo na kwa maandishi, kumkabidhi. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma mahali pasipofaa. Shule yenyewe sitaitaja jina. Iko nje kidogo ya Ishiara, bado nafundisha pale, na mwalimu mkuu wangu ni mtu wa kusoma kila kitu.

Naitwa Shamima. Nimezaliwa Majengo, Embu mjini, binti wa Ismael wa bucha, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tulichonyonya. Barua ilipokuja kwamba nimepata nafasi ya mwalimu intern huko Mbeere, mwaka mmoja wa kujaribiwa kisha tuone, baba alifunga bucha asubuhi nzima ili anisindikize stejini kupanda gari, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Nilikwenda na mabegi mawili na kichwa kikubwa. Chuoni nilikuwa nimesifiwa kwa kulimudu darasa, na nilitaka walimwengu wajue.

Nikapewa Gredi ya Pili, watoto arobaini na mmoja. Watatu kati yao waliitwa Karimi.

Kule si ajabu. Mwanamume akipata binti wa kwanza humpa jina la mama yake mzazi, na mama huyo akiwa na wana watatu wenye nyumba zao, basi una akina Karimi watatu, binamu, paji la uso moja, sauti moja, na wote wanataka kukaa dawati moja. Baba zao huwaita "mama". Mama zao, wote watatu, huitwa Mama Karimi. Rejista niliyoachiwa ilikuwa na majina mawili mawili tu, Faith Karimi, Mercy Karimi, Purity Karimi, na hayo ya mbele yalikuwa ya kanisani na ya kliniki. Ukiita Mercy hakuna anayegeuka.

Siku ya kwanza niliita Karimi, wakasimama watatu, darasa likaangua kicheko. Mimi sipendi kuchekwa. Niliwapanga kwa kimo mbele ya ubao, nikawagusa vichwa mmoja mmoja: Karimi One, Karimi Two, Karimi Three. Ilinichukua dakika moja. Huyo One nikampa kazi ya kubeba boksi la chaki na kuketi karibu na meza yangu, kwa kuwa lazima mtu abebe chaki. Nilijiona fundi kweli kweli.

Madam Njoki, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa amesimama dirishani. Ni mama mfupi, mwenye miaka thelathini ya chaki mapafuni, na ana tabia ya kukoroga chai muda mrefu kabla ya kukuambia jambo usilotaka kulisikia. Saa ya chai alikoroga sana.

"Shamima, hao watoto hapa wanaitwa na baba zao. Karimi wa Mutegi, Karimi wa Riungu, Karimi wa Munene. Ukisema hivyo, kila mtu kutoka hapa mpaka sokoni anajua ni nani."

"Lakini Madam, mimi hao akina baba siwajui."

"Utawajua."

"Namba ni rahisi."

Akaweka kijiko chini. "Haya. Kwako ni rahisi."

Nilimwona mama wa kizamani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimekwisha kumwona mtu wa kizamani kwa sababu ya kijiko.

Jumanne ya wiki ya pili, wakati wa mapumziko, mwanamke mwembamba aliyejifunga leso juu ya sketi alikuja akasimama mlangoni mpaka mtoto wa mwisho alipotoka. Alisema ni Mama Karimi. Nikamuuliza Karimi yupi. Hakujibu kwa mdomo. Alikuja mpaka dirishani, akanyoosha kidole nje, kwenye kundi la wasichana waliokuwa wakiruka kamba.

"Huyo. Wa sweta imetoboka kiwiko."

"Aa, Karimi Two," nikasema.

Hakujua habari za namba, wala hakuuliza. Alikuwa na mambo yake ya kusema na aliyasema haraka, akiangalia mlango. "Madam, jina langu ni Kawira. Nimetoka kwa babake huyu mtoto. Saa hii niko kwetu, kwa mama yangu. Akikuja hapa asimchukue. Please, madam. Last time tukikosana alimchukua, akamfungia kwa nyumba, akafunga na kufuli, akaenda safari yake ya kuuza majani ya muguka Mombasa. Siku mbili. Alimwachia maji kwa jagi na mkate. Mimi nilikuwa natafuta mtoto kila mahali, na yeye simu amezima. Alikuwa anataka nirudi nikiwa nimepiga magoti."

Akanipa barua ya ofisi ya watoto, yenye muhuri, iliyosema mtoto asikabidhiwe mtu mwingine ila mama. Niliisoma yote. Nikamshika mkono, ndiyo, nilimshika mkono, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto wake yuko mikononi mwangu. Alipoondoka nilichukua kalamu nyekundu nikaandika ndani ya jalada la rejista: KARIMI TWO ASITOLEWE KWA BABA. KWA MAMA TU. Barua nikaipeleka ofisini ikawekwa kwenye faili. Jina la baba lilikuwa kwenye ile barua. Sikulinakili, kwa sababu namba ilitosha.

Alhamisi, saa tano na nusu, mwalimu mkuu wetu, Bwana Kailemia, alikuwa mkutanoni Siakago. Madam Njoki alikuwa na Gredi ya Sita upande wa pili wa uwanja. Mimi nilikuwa nafundisha kutoa kwa kukopa. Mtu akabisha mlango uliokuwa wazi, kwa heshima, helmeti ya pikipiki kwapani, shati limepigwa pasi.

"Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni baba ya Karimi. Nimekuja kumchukua. Shosho yake, mama yangu, ni mgonjwa, anamuitisha."

Nilijisikia mwerevu. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku kama hii. "Karimi yupi, baba? Niko nao watatu."

Akacheka kidogo. "Wangu."

Nikawasimamisha wote watatu. Akamnyooshea mmoja mkono, na yule mtoto akachukua begi lake, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akaja mbele. Nikamuuliza kama huyu ni babake. Akatikisa kichwa kukubali. Nikafungua jalada la rejista, nikayasoma maandishi yangu mekundu, nikarudi kwa mtoto.

"Wewe ni Karimi wa ngapi?"

Aliniangalia. Halafu akamwangalia binamu yake kwenye dawati. Nimeurudia mwangalio huo mara nyingi tangu siku hiyo. Wakati ule niliona ni mtoto anayechelewa kujibu.

"One, teacher."

Basi. Yule mtu akatia sahihi kwenye daftari la kutoa watoto, mchoro mkubwa usiosomeka. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nikadhani ni adabu. Nikamgusa bega nikamwambia, "Msalimie shosho." Kisha nikarudi kwenye kutoa kwa kukopa.

Saa saba watoto walipanga mstari wa githeri na vibakuli vyao. Madam Njoki huzunguka akiwaangalia wanavyokula, humjua asiyemaliza na humjua anayemaliza upesi mno. Alifika kwa Gredi ya Pili akasimama.

"Karimi wa Riungu yuko wapi?"

"Ndiye yupi?" nikauliza. "One ametoka na babake. Shosho ni mgonjwa."

"Nimekuuliza Karimi wa Riungu."

"Madam, mimi nawajua kwa..." Nikanyamaza, kwa maana niliwaangalia wale wawili waliobaki na hakuna aliyekuwa na sweta iliyotoboka kiwiko. Ile iliyotoboka ilikuwa imepita mbele yangu saa tano na nusu, imefunikwa na begi.

Nilipiga magoti kwenye nyasi mbele ya yule mrefu, Karimi wa Mutegi, niliyemgusa kichwa kwa mkono wangu mwenyewe nikamwita One. Nikamuuliza yeye ni ngapi. Akaanza kulia kabla ya kujibu.

"Two, teacher. Tulibadilishana. Jana."

"Mlibadilishana nini?"

"Namba. Alinipatia rubber yake ya kunukia. Alikuwa anataka kubeba chaki."

Kwa kifutio chenye harufu ya stroberi. Mtoto wa Kawira alitaka kubeba chaki zangu na kuketi karibu na meza yangu, akatoa kitu kizuri alichokuwa nacho, akanunua namba. Na nilipomuuliza mbele ya babake yeye ni wa ngapi, alijibu ukweli wa mtoto aliyefanya biashara ya halali. Mimi ndiye niliyeweka uhai wake kwenye kitu kinachouzwa kwa kifutio.

"Huyo Riungu ni mtu wa aina gani?" nikauliza.

"Ni mtu wa kupendeza," Madam Njoki akasema, "mpaka akikasirika. Leo ni Alhamisi. Gari yao ya muguka inatoka Ishiara saa tisa, na ikishika lami haisimami mpaka Mombasa. Atafanya vile alifanya ile siku ingine. Twende."

Nilimpigia Bwana Kailemia simu tukikimbia kwenda kwenye gari. Alisikiliza, kisha akashusha sauti. "Usipigie polisi kwanza. Tutaonekana aje? Huyo ni mzazi wake, si mwizi. Ngojeni nirudi tukae chini." Madam Njoki akaninyang'anya simu. "Mwalimu, network inapotea," akasema, akakata, na network ilikuwa imejaa. Polisi aliwapigia yeye mwenyewe. Walisema gari lao la kituo limetoka, likirudi watatuma mtu. Chifu msaidizi hakupatikana. Darasa langu lilikuwa limesukumwa ndani ya Gredi ya Tatu, watoto themanini na kitu chumba kimoja, na nilipopita dirishani wote waliniangalia.

Probox ya Madam Njoki ina umri wa kuheshimiwa. Tulikwenda kwanza kwa nyumba ya Riungu, kwenye shamba lao juu ya kilima. Kufuli mlangoni. Nikabisha, nikaweka sikio kwenye mabati, nikaita Karimi, Karimi, mpaka koo likauma. Kuku wawili na upepo. Madam Njoki akazunguka nyuma, akachungulia katika dirisha, akarudi akitikisa kichwa. Saa nane na dakika kumi.

"Kwa shosho," akasema.

"Lakini alidanganya, shosho si mgonjwa..."

"Najua si mgonjwa. Twende."

Mgonjwa mwenyewe tulimkuta mbele ya nyumba yake anapura ndengu kwa fimbo, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi. Bibi wa miaka sabini na kitu, mabega ya mtu wa kazi, gambuti nyeusi miguuni. Madam Njoki alimweleza kwa Kimbeere, upesi, yote niliyomsimulia garini, hata la begi, na nikasikia jina langu na nikasikia "One" na "Two" zikipita katikati ya maneno nisiyoyajua. Yule bibi akaacha kupura. Akanigeukia.

"Wewe ndio mwarimu ya namba?"

"Ndiye mimi, shosho."

"Watoto wameniambia. Wanacheza hiyo namba hapa kwangu." Aliegemea fimbo. "Mimi naitwa Karimi. Hao watoto ni jina yangu. Sasa niambie. Mimi ni ngapi?"

Nilisimama pale na wino mwekundu kidoleni na nikatamani ardhi ifanye haraka.

Hakungoja jibu. Alitupa fimbo juu ya ndengu, akachukua sweta kwenye kamba, akaingia kiti cha mbele. "Ana chumba Ishiara," akasema. "Nyuma ya stoo. Analala huko siku ya gari. Endesha, Njoki."

Ile barabara tuliyoipita sitaisahau. Kundi la mbuzi lilituzuia kwenye kivuko na Madam Njoki, mwanamke wa kwaya, aliwaita wale mbuzi majina ambayo sikuyategemea. Mimi nyuma nilikuwa namwona Karimi na jagi la maji. Nilikuwa namwona Kawira akija kumchukua mwanawe saa tisa na nusu kama kawaida. Nilihesabu dakika kwa vidole na nikagundua nahesabu, nikakunja vidole.

Saa tisa kasoro dakika saba tuliingia nyuma ya zile stoo. Gari la muguka lilikuwa limewashwa, pikapu nyeupe, magunia yaliyoloweshwa maji yamepangwa hadi juu, vijana wa kupakia wakikaza kamba. Nyuma yake safu ya vyumba vya kupangisha, milango sita, minne ina kufuli. Riungu alikuwa juu ya mzigo na shati lake la pasi. Alituona, akashuka polepole, akafuta mikono.

"Mwalimu," akaniambia mimi, kwa upole ule ule, "uliniruhusu. Nilisaini."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumtisha kwa barua, kwa muhuri, kwa sheria. Shosho akanisukuma kando kama mtu anayesukuma mlango. Alikwenda moja kwa moja mbele ya pikapu, akaweka viganja vyake viwili juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka, akasimama hapo. Dereva akapiga honi. Hakuondoka. Akapiga tena, ndefu, watu wakaanza kutoka madukani.

Aliyoyasema aliyasema kwa Kimbeere, na Madam Njoki alikuwa akinitafsiria sikioni, akishindwa kuvuta pumzi.

"Riungu. Wewe unaniita mama, na huyo mtoto unamwita mama. Mimi ni yeye. Sasa nimekuja uniambie umenifungia wapi."

"Mama, toka mbele ya gari."

"Nina kiu. Sijakula. Tangu asubuhi nimekumbatia begi. Umenifungia mlango gani?"

"Huyo ni mtoto wangu," Riungu akasema, na upole wote ukawa umemtoka usoni. Alikuja mpaka hatua moja kutoka kwake. Mkono wake ulikuwa umekunja mwisho wa kamba. "Ni wangu. Hakuna mtu ataniambia mahali nitamweka. Hata wewe."

"Mtoto ni wako," yule bibi akasema. "Jina ni langu. Nilikupatia ulipozaa, kwa sababu ulikuwa mtoto mzuri. Nikilichukua leo mbele ya hawa watu, utabaki na mtoto huna la kumwita, na mimi pia hutakuwa na la kuniita. Nichukue?"

Dereva alizima injini. Nadhani hakutaka jibu lije mikono ya yule bibi ikiwa juu ya gari lake. Wale vijana juu ya magunia waliacha kamba. Riungu alimwangalia mamake, na mimi niliuangalia ule mkono wenye kamba. Niliogopa kweli. Niliona kabisa jinsi ambavyo angeweza kumpiga.

Akaingiza mkono wa pili mfukoni, akatoa ufunguo, akautupa mchangani kwenye miguu yangu. Si kwenye ya mamake. Kwenye yangu.

"Mlango ya tano," akasema.

Ufunguo uligonga pembeni ya kufuli mara tatu kabla ya kuingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya magunia mabichi. Karimi alikuwa ameketi sakafuni kwenye kona, begi kifuani vile vile alivyolibeba kutoka darasani, jagi la maji pembeni, limejaa. Hakuwa amelia. Aliniangalia.

"Karimi One," nikasema. Ndivyo mdomo ulivyojizoesha. "Njoo. Njoo, mama."

Hakusogea. Akalibana begi zaidi. Niliita tena, nikanyoosha mkono, na yule mtoto akausogelea ukuta. Alikuwa na haki. Mkono huo huo ulikuwa umemgusa bega na kumwambia amsalimie shosho. Ilibidi nitoke, shosho mwenyewe aingie na gambuti zake, aseme neno moja la kwao, ndipo nikasikia miguu midogo inakuja.

Njiani kurudi bibi alimpakata. Tulipofika karibu na shule aligeuka nyuma akaniambia bila kupandisha sauti, "Kesho ukiita majina, usiite huyu ya Riungu. Riungu amekosa hiyo. Ita Karimi ya Kawira. Na uandike."

"Nitaandika, shosho."

Kawira alikuwa langoni. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia, kwa maana alikuwa amesimama bila leso, imemdondoka na hakuwa ameiokota. Alimchukua mwanawe kutoka kwenye gari akamgusa kichwa, mikono, magoti, kama anayetafuta kitu kilichopungua. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, maneno mazuri, nisamehe na kadhalika.

"Mimi nilikuonyesha na kidole," akasema.

Aliokota leso, akamfunga mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, akashuka barabarani.

Bwana Kailemia alitaka niandike kwamba mtoto alichukuliwa na mzazi wake na akarudishwa salama siku hiyo hiyo. Kila neno lilikuwa kweli na yote yalikuwa uongo. Alinikumbusha kwamba ripoti yangu ya mwisho wa mwaka ataiandika yeye. Niliandika kurasa tatu, na namba nikaziandika, na kifutio nikakiandika, na nikapeleka nakala ofisi ya watoto Siakago kwa miguu yangu. Barua ya onyo niliyopewa ninayo, iko kwenye begi moja na vyeti. Baba nilipomweleza kwa simu alisema nisimwambie mama.

Ijumaa asubuhi nilifuta jalada la rejista mpaka karatasi ikakwaruzika. Nikaenda kwa Madam Njoki na kalamu, nikakaa, akakoroga chai, na akanitajia watoto arobaini na mmoja, wa nani na wa nani, nyumba kwa nyumba, nami nikaandika. Kisha nikaingia darasani nikaita.

"Karimi wa Mutegi."

"Present, teacher."

"Karimi wa Munene."

"Present, teacher."

"Karimi wa Kawira."

Watoto wakageuka kuangalia nafasi iliyo wazi. "Hayuko, teacher," wakasema wote kwa pamoja, kama wanavyosema siku zote.

Jumatatu hakuwepo. Jumanne hakuwepo. Nilisikia Kawira anatafuta shule nyingine, ya mbali zaidi, na sikuwa na uso wa kwenda kumwomba asifanye hivyo. Riungu alionekana Runyenjes, wengine wakasema yuko Mombasa. Ofisi ya watoto ilimwita mara mbili. Kila asubuhi niliita lile jina, nikangoja muda mrefu kuliko majina mengine, na darasa likanijibu hayuko. Boksi la chaki nilikuwa nabeba mwenyewe.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikuwa nimefika kwa Karimi wa Munene nilipoona kivuli mlangoni. Kawira alikuwa amesimama nje, mbali kidogo, mikono ameikunja, anatazama. Hakunisalimu. Mtoto alikuwa kizingitini, sweta ile ile, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani, begi limekumbatiwa kifuani. Hakuingia. Darasa zima likanyamaza, na yeye akauliza kwa sauti ndogo ambayo hata mamake aliisikia:

"Teacher, sasa mimi ni ngapi?"

Nilifunga rejista. Nilikwenda mpaka pale mlangoni, nikapiga magoti, na safari hii sikumgusa.

"Wewe ni Karimi wa Kawira," nikamwambia. "Hakuna mwingine. Ingia uketi."

Alimgeukia mamake kwanza. Kawira akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu, na mtoto akanipita akaenda kwenye dawati lake.